Karanga za Mgeni

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma. Bibi alitoa kichwa dirishani, akatoa na mkono. Mkono ule ulishika pindo la nguo yake. Kwenye pindo kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na ufunguo wa stoo.

"Mkwe!" aliita. "Maharage yako kwenye ndoo! Karanga ziko kwenye kopo! Unga nimekuachia mfuko! Msihangaike na stoo!"

"Mama, tutahangaikaje na stoo, na ufunguo unakwenda nao?"

"Ndiyo maana ninakwenda nao!" bibi alijibu. "Akiba haiozi!"

Basi likageuka, likaacha moshi mweusi, likaenda. Bibi alikuwa anakwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Angerudi lini? Mguu ukiunga. Na mguu hauna kalenda.

Mkwe alibaki pale stendi na mtoto mgongoni. Yeye alikuwa mshonaji. Mumewe alikuwa fundi wa baiskeli. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa mwaka mmoja na nusu, na walimwita Bwana Mkubwa kwa sababu tangu azaliwe alikuwa anatoa amri. Lakini siku hizi Bwana Mkubwa hakutoa amri. Alilaza shavu kwenye mgongo wa mama yake, akanyamaza. Mshonaji alisikia mifupa yake kupitia nguo, kama mtu aliyebeba kikapu cha vijiti.

"Akiba haiozi," mshonaji alirudia kwa sauti ya chini. Kisha akatema mate.

Chakula hakikukosekana katika nyumba ile. Jambo hilo msomaji alijue mapema, ili akasirike pamoja na mshonaji. Wakulima wengi walileta baiskeli zao kwa fundi, na wengi walimlipa kwa mazao. Huyu alileta gunia la mahindi, yule alileta maharage, mwingine karanga. Vyote viliingia mlango wa mbele vikiwa vizima, vikavuka ua, vikaingia stoo. Huko vikakaa.

Bibi alikuwa na sheria yake. Chakula kizuri hakiguswi. Kinachoanza kuharibika ndicho kinachopikwa. Maharage yakitobolewa na wadudu, yapikwe. Unga ukianza kunuka, ukorogewe uji. "Kizuri kinaweza kungoja," bibi alisema. "Kibovu hakiwezi kungoja."

Ukiyasikia upesi, ni maneno ya busara. Lakini tazama yanavyokwenda. Wakati watu wanamaliza vibovu, vile vizuri vinaoza taratibu huko nyuma. Zamu yao ikifika, navyo ni vibovu. Kwa hiyo watu wa nyumba ile walipokea vyakula vizuri kila mwaka, na kila mwaka wakala vibovu. Mwizi angewaibia nusu. Wao walijiibia vyote.

Na kulikuwa na fungu la juu kabisa, fungu la mgeni: mchele mweupe, sukari, na karanga nene zilizochaguliwa moja moja. Mgeni gani? Hakuna aliyejua. Tangu mshonaji aolewe, mgeni aliyefika mara nyingi ni yule msomaji wa mita ya maji, na huyo alipewa maji.

Siku ile mshonaji alifunua ndoo ya maharage. Vidudu vilimtazama kana kwamba yeye ndiye amevamia nyumba ya watu. Akapepeta, akaosha, akabandika. Maharage yalichemka tangu asubuhi. Mkaa ukaisha, akaongeza. Ukaisha tena. Mumewe alirudi kazini, akanawa mikono yenye grisi, akaketi. Akatafuna mara moja, akasimamisha taya.

"Mke wangu, leo tunakula kokoto?"

"Muulize mama yako. Yeye ndiye mwenye machimbo."

"Jamani, mama wa watu yuko safarini."

"Safarini na ufunguo."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka kwa sababu mkewe hakucheka. Wakala mchuzi, wakaacha kokoto kwenye sahani. Bwana Mkubwa alionja uji, akakunja uso, akageuza kichwa ukutani.

Kesho yake mshonaji alimpeleka kliniki. Muuguzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mwenye haraka, lakini alipomtundika Bwana Mkubwa kwenye mizani haraka yake iliisha. Alimtoa, akamtundika tena.

"Mama, mtoto amepungua. Mara iliyopita alipungua, na leo amepungua."

"Ninaona."

"Akipungua tena, nitamlaza hospitali. Sikutishi. Mpe uji mzito wenye karanga zilizosagwa. Mpe maharage yaliyopondwa. Mpe yai ukipata. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo mlishe kidogo kidogo, mara nyingi. Nyumbani kuna chakula?"

Mshonaji alitaka kusema hakuna. Akataka kusema kipo. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Kipo," alisema. "Kimefungwa kufuli."

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Basi kifungue," alisema, akaita mama mwingine.

Alipofika nyumbani, mshonaji alichukua lile kopo la karanga. Lilikuwa na harufu ya tambara bichi. Karanga nyingi zilikuwa zimesinyaa, na nyingine zilikuwa na vumbi la kijani. Aliziosha maji mengi. Akazikausha, akazikaanga mpaka zikawa za kahawia. Moto unaua kila kitu, alijiambia. Akaanza kuzitwanga. Alitwanga kwa hasira, na kinu kiliipokea hasira yake bila kujibu.

Hapo ndipo alipoingia Mzee Sufuria.

Mzee Sufuria alikuwa jirani wa nyumba ya pili. Maisha yake yote alipika gerezani, katika masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani yake. Alistaafu, lakini jina halikustaafu. Alikuja kuchukua suruali yake iliyokuwa inapunguzwa kiuno.

"Hodi! Suruali yangu imepona?"

"Bado, mzee. Karibu."

Mzee hakukaribia. Alisimama akanusa, mara moja, mara mbili. Kisha alikuja mpaka kwenye kinu, akachovya kidole, akaweka kwenye ncha ya ulimi, akatema mlangoni. Bila kuomba ruhusa alinyanyua kinu chote, akatoka nacho nje, akamwaga karanga shimoni.

"Mzee!" Mshonaji aliruka. "Umenimwagia chakula cha mwanangu!"

"Sijamwaga chakula."

"Mtoto wangu anakwisha, na wewe unamwaga karanga! Una kichaa? Unajua nimezihangaikia vipi?"

"Nimesema sijamwaga chakula!" Mzee naye alipaza sauti. "Nimemwaga sumu! Uchungu ule huusikii?"

"Nimeziosha! Nimezikaanga!"

"Hata ungezichemsha mpaka Kiama! Ukungu wa karanga na wa mahindi unaacha sumu ndani ya punje. Maji hayaitoi. Moto haukaribii kuimaliza. Unachokiosha ni ile rangi tu. Sumu inabaki."

Mshonaji alikaa chini kwenye kigoda. "Bibi anasema ukikaanga sana..."

"Bibi yako hakupika gerezani. Mimi nilipika. Likija gunia lenye ukungu nililirudisha, hata kama mkuu amenikunjia uso. Waliokuwa ndani ni wezi, binti. Walikuwa wameiba ng'ombe, wameiba mabati, mmoja aliiba kengele ya shule, mpaka leo sijui ya nini. Na hao wezi hawakula karanga kama hizi." Alimnyooshea kidole Bwana Mkubwa aliyelala mkekani. "Sasa huyu ameiba nini?"

Mshonaji aliuweka mchi chini.

"Anakula hivi tangu lini?" mzee aliuliza, sauti imeshuka.

"Tangu alipoanza kula."

Mzee Sufuria alivua kofia yake. Akakaa mlangoni.

"Sumu ile haiui papo hapo," alisema. "Ndiyo ubaya wake. Ingeua papo hapo, watu wangeiogopa. Inakwenda polepole. Inaumiza ini. Mtoto inamdumaza, hakui. Kila siku kidogo, kila siku kidogo. Na usije ukawapa kuku ukidhani umeokoa kitu. Kuku nao wanaumia, na wewe unawala hao hao."

Mshonaji alimtazama mwanawe. Miezi yote ile alikuwa anadhani hajui kulea. Alidhani maziwa yake hayakutosha. Usiku alijilaumu, mchana akashona huku anajilaumu. Sasa hasira ilipanda kutoka miguuni mpaka ikafika kwenye masikio. Wala haikuwa ya mtu anayetaka kulia. Ilikuwa ya mtu anayetaka mlango.

Jioni fundi alirudi, akakuta mkewe amesimama mbele ya stoo.

"Livunje," alisema mkewe.

"Nini?"

"Kufuli. Una nyundo, una patasi. Livunje."

Akamweleza yote, ya mizani, ya kinu, na ya ini. Fundi alisikiliza huku anafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Kufuli la mama yangu siwezi kulivunja," alisema mwishowe. "Wewe hujui. Mama alipokuwa mdogo kulikuwa na njaa kubwa. Mdogo wake alimfia mikononi. Tangu hapo hawezi kulala kama stoo haijajaa. Mpigie simu umwombe."

"Nimwombe chakula ulichokifanyia kazi wewe?"

"Mwombe tu. Nitakuwa hapa."

Mshonaji alipiga, akaweka sauti kubwa ili mumewe asikie. Baada ya salamu za kutosha, na habari za mguu, alisema, "Mama, mtoto amepungua tena. Muuguzi anataka apate karanga nzuri. Tunaomba zile za stoo."

"Kwani nilizowaachia zina nini?"

"Zina ukungu, mama."

"Zioshe."

"Haiwezekani kuoshwa. Ni sumu."

"Mbona sisi tulikula, tukakua? Zile za stoo ni za mgeni. Leo mgeni akibisha hodi, utampa nini, utamwekea aibu yangu mezani?"

"Na mtoto je, mama?"

"Mtoto si mgeni," bibi alisema, akashangaa hata kuulizwa. "Mtoto ni wa nyumbani. Wa nyumbani anavumilia."

Fundi alinyoosha mkono, akachukua simu. "Mama," alisema, "safari njema ya usingizi." Akakata.

Alitoka, akaenda kwenye kibanda chake cha kazi, akarudi na bisibisi na kopo la mafuta. Alitia mafuta kwenye bawaba za mlango wa stoo, ya juu na ya chini. Akangoja kidogo. Kisha akaanza kufungua skrubu za bawaba, moja baada ya nyingine, taratibu kama anafungua gurudumu la mteja. Mlango ulilegea upande wa bawaba. Akauvuta, pete ya komeo ikang'oka kwenye fremu, mlango ukatoka mzima mzima na kufuli lake likining'inia.

"Nilisema kufuli silivunji," alisema. "Sijaligusa."

Kwa mara ya kwanza wiki ile, mshonaji alicheka. Kisha harufu ikatoka ndani, kicheko kikafa.

Magunia yalikuwa yamelazwa kwenye sakafu tupu, yameegemea ukuta, na ukuta ulikuwa umelowa. Ya chini yalikuwa yamegandana. Mahindi yalikuwa yameota mizizi ndani ya gunia, meupe kama vidole vya maiti. Panya walikuwa wamejenga mji. Sukari ilikuwa jiwe. Mshonaji alishika gunia moja akalitambua: lilikuwa la yule mkulima aliyetengenezewa baiskeli siku Bwana Mkubwa alipozaliwa. Lilikuwa limeingia zima. Sasa lilikuwa jeusi.

"Kazi yangu hii," fundi alisema polepole. "Magurudumu yote yale. Hii ndiyo kazi yangu?"

Asubuhi Mzee Sufuria alikuja amekunja mikono ya shati. Walitandika maturubai uani, wakatoa kila kitu nje kwenye jua. Mzee alitoa amri kama yuko gerezani.

"Mafungu mawili! Chenye wadudu tu, bila ukungu, bila harufu, kije huku. Hicho kinapona. Tunakipepeta, tunakichagua, tunakianika. Chenye ukungu, kilichobadilika rangi, kilichosinyaa, kinachonuka, kiende kule. Hicho hakina rufaa."

"Nikiona punje mbovu chache kwenye gunia zuri?" mshonaji aliuliza.

"Zitoe zote kwa mkono. Zikiwa nyingi, au gunia zima lina harufu, usijidanganye. Gunia lote liende kule. Na usichanganye kizuri na kibovu ili kibovu kisionekane. Huko ni kumficha chui kwenye zizi."

Fungu la kule lilikuwa kubwa kuliko fungu la huku. Fundi alianza kuchimba shimo nyuma ya choo.

Kwa kile kilichopona, mzee aliwafundisha kazi. Alichukua chupa kavu ya kioo, akatia mahindi, akatia na chumvi kavu, akatikisa. "Tazama kioo. Chumvi imeshikamana na kioo?"

"Imeshikamana."

"Basi mahindi yana maji bado. Yarudi juani. Siku utakapotikisa na chumvi ianguke yote chini, hapo yamekauka. Yaache yapoe kwanza, ndipo uyafunge. Ukifunga ya moto, yanatoa jasho ndani, na jasho ndilo mama wa ukungu."

Ndani ya stoo wakaziba matundu ya panya, wakafagia, wakaacha upepo upite. Fundi aliulaza ule mlango juu ya matofali, ukawa chaga. Magunia yakakaa juu yake, mbali na sakafu, na mkono ukapita kati ya magunia na ukuta. Karanga na maharage viliwekwa kwenye ndoo zenye vifuniko vinavyobana, zikajazwa mpaka juu ili wadudu wakose hewa.

"Sasa sheria," mzee alisema. "Ya bibi yako ilikuwa nusu ya kweli. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, sawa. Lakini kitoke kikiwa kizima! Usingoje kiugue ndipo ukikumbuke. Chakula si mgonjwa wa kungojewa."

Mchana wa siku ya pili walipika. Maharage mazuri yalikuwa yamelala ndani ya maji usiku kucha. Mshonaji alimwaga maji yale, akatia mapya, akachemsha kwa moto mkali kwanza, kisha akaacha yachemke taratibu. Yalipoanza kulainika, mzee alimwambia aepue.

"Hayajaiva, mzee."

"Najua. Una vitambaa vilivyobaki vya kushonea?"

Mshonaji alikuwa na gunia zima la vipande. Mzee alijaza kikapu kwa vipande vile, akaacha nafasi katikati. Akaingiza sufuria ya moto pale na kifuniko chake, akafunika juu kwa vipande vingine na blanketi.

"Umeilaza?" fundi aliuliza. "Tuiimbie?"

"Imba ukitaka. Joto haliwezi kutoka. Litaendelea kupika, na mkaa wako utapumzika. Jioni tuirudishe motoni ichemke kidogo, tule."

Jioni maharage yalipondeka kwa kijiko. Mshonaji aliyakaangia kitunguu, wakala na wali. Asubuhi yaliyobaki aliyachemsha vizuri, akayaponda, akachanganya na unga kidogo, chumvi, na kitunguu kilichobaki, akafinyanga vidonge bapa, akakaanga. Mchana ule mchuzi wake wa mwisho uliongezwa maji, ukachemka pamoja na konzi ya mchele, ukawa supu. Moto mkubwa mara moja, milo mitatu. Hakuna kilichonunuliwa ila kitunguu.

Na uji wa Bwana Mkubwa ulikuwa hivi. Vikombe vitatu vya unga mzuri, kikombe kimoja cha karanga nzuri zilizokaangwa na kusagwa laini. Vikachanganywa, vikawekwa kwenye kopo safi lenye kifuniko. Kila mara mshonaji alichota kiasi, akakoroga kwa maji baridi, akapika mpaka uchemke vizuri, mzito wa kushika kijiko. "Asipewe punje nzima," mzee alionya. "Itamkaba. Zisagwe mpaka ziwe kama unga. Na tengeneza kidogo kidogo, cha siku chache, usije ukaanzisha stoo nyingine ndani ya kopo."

Bwana Mkubwa alionja. Alikunja uso kwa mazoea. Kisha uso ukakunjuka. Alipiga bakuli kwa mkono.

"Lete!" alisema.

Lilikuwa neno lake la zamani. Mama yake aligeuka akatazama ukuta ili wasimwone.

Bibi alirudi bila taarifa. Simu ile ilimnyima usingizi usiku baada ya usiku. Mwisho alimwacha dada yake na jirani, akapanda basi la kwanza. Aliingia uani wakati fundi anasukuma gunia la mwisho jeusi kuelekea shimoni. Aliona stoo imekaa wazi kama kinywa kisicho na meno.

"Wezi!" alipiga kelele. "Wezi wa nyumbani! Nimekwenda kuuguza, mmenivunjia!"

"Mama, kufuli ni zima," fundi alisema, akamwonyesha limetundikwa ukutani pamoja na komeo lake.

"Nyamaza! Na hiyo unaipeleka wapi?"

"Shimoni."

Bibi alimpita. Alipiga magoti ukingoni mwa shimo, mwanamke wa umri ule, na nguo ya safari. Akaanza kuchota karanga mbovu kwa mikono miwili, anazitia kwenye pindo lake, pale pale palipokuwa na ufunguo. "Chakula," alisema. "Mnazika chakula. Mnazika chakula!" Mzee Sufuria alivuta hatua, mshonaji akamzuia kwa mkono. Alikwenda mwenyewe, akapiga magoti upande wa pili wa shimo. Kwa siku zote zile alikuwa ameandaa maneno makali. Mengi yalimtoroka. Yalibaki machache.

"Mama. Mdogo wako alikufa kwa sababu hakikuwepo."

Bibi alisimamisha mikono.

"Huyu wangu afe kwa sababu kipo?"

Bwana Mkubwa alikuwa anakuja, anatembea kwa kuyumba, bakuli mkononi. Alifika kwa bibi yake. Aliona ana kitu kwenye pindo, na yeye alipenda karanga siku hizi. Akanyoosha mkono, akachukua moja, akaipeleka kinywani.

Bibi alimpiga kofi mkononi. Karanga ikaruka. Mtoto akaangua kilio, na bibi akabaki anautazama mkono wake mwenyewe, kama mkono wa mtu mwingine uliojua jambo kabla yake.

Kisha akaachia pindo. Karanga zote zikaanguka shimoni.

"Fukieni," alisema.

Fundi alifukia. Bibi alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Mshonaji alimwekea wali na maharage kwenye sahani ya maua, ile ya wageni.

"Mbona sahani hii?" bibi aliuliza, macho mekundu.

"Umetoka safari, mama. Leo mgeni ni wewe. Zile karanga nene nazo zimekaangwa, kula. Tangu nizijue, ndiyo kwanza zinamwona mgeni."

"Una mdomo mrefu, mkwe," bibi alisema.

"Ndiyo, mama."

Bibi alikula. Alipomaliza aliuliza ile chupa ya chumvi inatikiswa vipi.

Yaliyofuata ni haya. Bwana Mkubwa aliongezeka uzito, polepole, bila muujiza wowote. Hakulazwa hospitali. Sasa anasoma shule, ana nguvu, ana kelele, na ni mfupi kuliko wenzake wote darasani. Ufupi ule haukurudi nyuma. Dada yake bibi mguu uliunga, anatembelea fimbo. Mzee Sufuria alihamia kwa mwanawe, akafariki huko. Suruali yake imo bado kwenye kabati la mshonaji, imekwisha kupunguzwa kiuno. Mshonaji anashona, na anauza vikapu vya vitambaa vya kulazia sufuria. Fundi alitengeneza mlango mpya wa stoo, wa wavu, ili upepo upite na panya wasipite. Bibi ndiye anayekagua nafaka. Haruhusu gunia kuingia kabla hajatikisa chupa yake, na amewarudisha wakulima wawili na mahindi yao. Kufuli linafungia baiskeli za wateja. Ufunguo umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na kila mtu wa nyumba ile anaufikia, isipokuwa Bwana Mkubwa, kwa sababu ya ufupi.